Mizani ya Hoja ni Moja

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili kisha akamwekea siku ya kuulizwa aliitumia vipi. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, Sura ya Al-Mutaffifin kila mmoja wetu aijua, na wengi wetu tuliihifadhi chuoni tukali wadogo. Mwanzoni mwake Mwenyezi Mungu anawaonya watu wenye vipimo viwili: wakipimiwa wao hutaka kipimo kijae, na wakiwapimia wenziwao hupunguza. Tukiisikia sura hii fikira zetu huenda moja kwa moja kwa muuza mchele na muuza samaki. Walakini kuna pishi nyingine ambayo kila mtu anayo, mwenye duka na asiye na duka, nayo ni pishi ya kupimia maneno. Kwa pishi hiyo twaamua habari ipi ya kweli na ipi ya uongo, nani mwema na nani mbaya, dawa gani inywewe na mtoto gani apelekwe wapi. Na pishi hiyo nayo hupunjwa. Neno tulipendalo twalipokea bila ya kulitazama. Neno tulichukialo twalitafutia shahidi kwa shahidi. Wazee wetu walilijua jambo hili, ndipo wakasema kuwa ukipenda, chongo huita kengeza.

Makala haya yataka kusema jambo moja tu: hoja mbovu haiwi nzuri kwa sababu yatufaa, na mtu hajawa mkweli mpaka aikatae hoja mbovu hata pale inapomsaidia yeye mwenyewe.

Dini yetu haikututaka tufumbe macho. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 111, waliodai kuwa Pepo ni yao peke yao waliambiwa walete burhani yao kama wasema kweli. Katika Sura ya Bani Israil, aya ya 36, tumekatazwa kufuata jambo tusilokuwa na ilimu nalo, tukajulishwa kuwa masikio na macho na moyo, vyote vitaulizwa. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitunga kitabu akakiita Al-Qistas al-Mustaqim, yaani Mizani Iliyonyoka, akaonyesha ndani yake kuwa kanuni za kupimia hoja zimo katika Qur'ani yenyewe. Mojawapo aliitoa katika mjadala wa Nabii Ibrahim na yule mfalme aliyedai uungu, alipotakiwa alitoe jua magharibi akashindwa. Basi asemaye kuwa kuzipima hoja ni kazi ya makafiri au ni uchache wa imani, huyo hajaisoma Qur'ani kwa kuizingatia.

Sasa na tutazame kisa kimoja ambacho ndani yake mna mafunzo yote tuyatakayo. Mtume (s.a.w.) alipata mtoto wa kiume kwa Bibi Mariya, akamwita Ibrahim. Mtoto huyo alifariki Madina kabla ya kutimiza miaka miwili, na Mtume alimlilia kwa machozi. Siku hiyohiyo jua likapatwa. Wataalamu wa hesabu za nyota wamelitafuta tukio hilo katika hesabu zao, wakaliona kuwa ni lile la tarehe 27 Januari mwaka 632. Watu wa Madina walipoona mchana umeingia giza walisema kuwa jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim.

Tafakarini, ndugu zangu, hali ilivyokuwa. Hapa pana mtu aliyekuja na Utume, na maadui zake kwa miaka ishirini walikuwa wakimtaka awaonyeshe miujiza. Leo watu wenyewe, bila ya kuulizwa, wamemtengenezea muujiza: jua la mbinguni limemwombolezea mwanawe. Lau angenyamaza tu, maneno yale yangeenea Bara Arabu yote, na imani za wengi zingezidi. Tena alikuwa katika msiba, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kunyamaza. Walakini hakunyamaza. Hadithi hii imepokewa na Mughira bin Shu'ba, nayo imo katika Bukhari na Muslim: Mtume aliwaambia kuwa jua na mwezi ni dalili mbili katika dalili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake, na wakiona hivyo wasali na waombe. Aliikataa hoja mbovu, nayo ilikuwa hoja ya kumtukuza yeye. Hiyo ndiyo mizani moja.

Na kosa la watu wale lilikuwa nini? Waliona mambo mawili yamefuatana, wakahukumu kuwa moja ni sababu ya jingine. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika fikira za kila siku, na leo limejaa majumbani mwetu na barazani petu. Jua hupatwa mwezi ukipita kati yake na ardhi, na jambo hilo huenda kwa hesabu. Kivuli hicho kilipita kaskazini ya Kenya, upande wa Turkana, tarehe 3 Novemba 2013. Na wenye hesabu wamekwisha kuandika kuwa tarehe 2 Agosti 2027 kitapita juu ya Makka. Jambo linalojulikana miaka mingi kabla ya kutokea haliwezi kuwa limeletwa na kifo cha mtu afaye siku hiyo.

Njia ya kulitambua kosa hili ni nyepesi, hata mtoto wa chuoni aiweza. Chora mraba mchangani, uugawe vyumba vinne. Tuseme mtu adai kuwa hirizi fulani huponya homa. Chumba cha kwanza ni cha waliovaa wakapona. Cha pili, waliovaa wasipone. Cha tatu, wasiovaa wakapona. Cha nne, wasiovaa wasipone. Mwenye kuuza hirizi hukuonyesha chumba cha kwanza tu, akakutajia majina na mitaa, na pengine yote asemayo ni kweli tupu. Lakini ukweli wa chumba kimoja si dalili ya kitu. Waulize wa chumba cha pili: wako wapi? Wengine wako makaburini, na maiti hashuhudii. Waulize wa chumba cha tatu, waliopona bila ya hirizi: hao hawatajwi na mtu, kwani ni nani aendaye barazani kusimulia kuwa aliugua akapona bila ya kitu?

Tena litazameni na hili. Homa nyingi zina kawaida ya kupanda na kushuka. Mtu haendi kwa mganga siku ya kwanza, mwili ukiwa vuguvugu tu. Huenda siku homa ilipokaza, na kitu kilichofika juu, mara nyingi kifuatacho ni kushuka. Basi homa ikishuka, sifa huchukuliwa na yule aliyekuwapo mlangoni ilipokuwa ikishuka. Na hapa ndipo kosa la fikira linapogeuka kuwa kosa la damu. Malaria huweza kushuka leo na kupanda kesho, ikaingia ubongoni mwa mtoto. Mzazi aliyeridhika kwa kuwa jana mwanawe alipoa, akaacha kumpeleka hospitali akapimwe damu, amempunja mwanawe kwa pishi asiyojua kuwa anayo.

Wala msidhani kuwa njia hii ya kulinganisha tumeletewa na wageni. Tabibu Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya al-Razi, mtu wa Rayy, aliyefariki kiasi cha mwaka 925, ameandika katika daftari zake kubwa ziitwazo Al-Hawi kuwa aliwatibu kwa kuwatoa damu kundi moja la wagonjwa wa sirsam, na kundi jingine akaliacha makusudi, ili apate kujua. Natija aliyoifikia madaktari wa leo hawaikubali; lakini njia yake ya kuliweka kundi hili mbele ya kundi lile ndiyo inayofuatwa hadi leo. Alijua kuwa haitoshi kuhesabu waliopona. Hapana budi kuuliza wangapi wangepona bila ya yeye.

Kosa hilihili huvunja ndoa. Mwanamke aolewa, na mwezi wa pili mume aachishwa kazi. Mwezi wa tatu mama mkwe augua. Watu wa nyumba hunong'ona kuwa bibi huyu ana nuksi. Mbona hawaulizi ni wangapi wengine walioachishwa kazi mwezi uleule, na wake zao wamekaa nao miaka kumi? Mtume (s.a.w.) amekataza tiyara, yaani kuona mkosi katika ndege na watu na nyakati. Nasi twaisoma hadithi hiyo msikitini, kisha twarudi nyumbani tukamtazama mke wa mtu kwa jicho lilelile la watu wa jahiliya.

Na kosa hilihili huua. Katika pwani yetu, khasa upande wa Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma ya uchawi. Mtoto augua baada ya mzee kupita. Ng'ombe afa baada ya mzee kumkanya mchungaji. Macho ya mzee ni mekundu, na nywele zake ni nyeupe. Hiyo ndiyo "dalili." Watu wa serikali na wenye kuchunguza mambo haya wamesema mara kwa mara kuwa nyuma ya tuhuma hizo mara nyingi huwa pana ugomvi wa ardhi. Patakuwapo atakayeniambia, "Sheikh, wewe wakanusha sihri, na sihri imo katika Qur'ani?" Nasema, sikanushi. Lakini kuwako kwa jambo duniani si ushahidi kuwa fulani amelitenda. Wizi nao uko, wala hapana hakimu amfungaye mtu kwa kuwa wizi uko. Sharia imemtaka mwenye kudai alete bayyina, na mvi si bayyina, wala macho mekundu si bayyina. Pengine ni moshi wa kuni miaka sitini.

Kosa la pili ni kumpima msemaji badala ya kulipima neno lake. Makureshi walipoletewa Qur'ani walisema, kama tunavyoelezwa katika Sura ya Az-Zukhruf, mbona haikuteremshiwa mtu mkubwa katika miji miwili. Hawakuuliza kama maneno ni kweli. Waliuliza mwenyewe ana mali gani. Nasi tuna misemo yetu: "Huyu mtoto wa juzi," "Huyu si mwenyeji," "Huyu babake alikuwa nani?" Kijana asimama katika mkutano wa msikiti auliza hesabu za fedha za wakfu, naye ajibiwa kuwa hana adabu. Huenda hana. Lakini adabu yake ni jambo moja na hesabu ya fedha ni jambo jingine, na la pili halijajibiwa kwa kulitaja la kwanza. Na kinyume chake ni kosa vilevile: neno halithibitiki kwa kuwa limesemwa na sheikh mwenye kilemba kikubwa, na aandikaye makala haya asitolewe katika kanuni hiyo.

Kosa la tatu ni kumtungia mwenzio neno asilolisema, kisha ukalipiga hilo. Hapa yatupasa tuseme kweli juu ya pande zote mbili. Mtu akisema kuwa maiti wa kaburini asiombwe haja, huambiwa kuwa awachukia mawalii. Hakusema hivyo. Na mtu akipenda kuhudhuria maulidi, katika sisi tujiitao watu wa kutengeneza wako wamwambiao kuwa amwabudu Mtume. Naye hakusema hivyo, wala hajapata kukusudia. Kila upande wajifurahisha kwa kumshinda mtu wa majani walioumba wenyewe, na ndugu halisi amekaa kando hajajibiwa neno lake. Adabu ya mjadala ni kulikariri neno la mwenzio kwanza, mpaka mwenyewe aseme, "Naam, hilo ndilo nisemalo". Hapo ndipo ulijibu. Na Qur'ani imetwambia katika Sura ya Al-Maida, aya ya 8, kuwa kuwachukia watu kusitupeleke kutofanya uadilifu. Kumnukuu mtu kwa haki ni katika uadilifu huo.

Narudi sasa kwenye neno langu la kwanza, la kuikataa hoja mbovu inayotusaidia, kwani hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Kwa miaka mingi imeenea katika miji ya Waislamu habari ya kuwa Neil Armstrong, Mmarekani aliyekuwa mtu wa kwanza kukanyaga mwezi tarehe 20 Julai 1969, aliisikia adhana huko mwezini na kisha akasilimu. Habari hii imesemwa katika mawaidha, watu wakalia kwa furaha. Nayo si kweli. Mwenyewe aliikanusha, na mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliziandikia balozi zake katika nchi za Kiislamu kuwa hakusilimu. Alifariki mwaka 2012 akiwa hajapata kulisema neno hilo. Na mtu aliyesoma skuli kidogo angejua kuwa juu ya mwezi hapana hewa ya kuchukua sauti.

Mbona ilienea? Kwa sababu ilitupendeza. Lau angetokea mtu wa dini nyingine akadai kuwa Mwislamu fulani mashuhuri aliisikia kengele ya kanisa mwezini, tungemtaka ushahidi saa ileile. Tungemwuliza nani amesikia, na wapi imeandikwa, na sauti ilipita wapi. Maswali tunayo! Hatuyasahau ila pale neno linapokuwa letu. Na madhara yake ni makubwa kuliko tudhanivyo. Kijana aliyejengewa imani yake juu ya kisa hiki, siku akijua kuwa ni uzushi, hatakitilia shaka kisa peke yake; atawatilia shaka waliomsimulia, na pengine atayatilia shaka yale ya kweli waliyomfundisha. Dini ya Mwenyezi Mungu haina haja ya nguzo ya uongo. Nguzo hiyo ikianguka haki haianguki nayo, lakini aliyekuwa ameiegemea huanguka.

Leo habari haipandi jahazi tena kungojea msimu. Hupita katika simu, ikafika Lamu na Vanga kabla mtu hajamaliza kikombe cha kahawa. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamuru tuihakikishe habari aletayo fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga tukajuta. Basi ujumbe ambao hata aliyeuleta hatumjui, si awla zaidi kuuhakikisha? Na Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo. Maulama wa hadithi walifunga safari za miezi kumtafuta mpokezi mmoja, wakauliza alimsikia nani na wapi na kama alikuwa na hifadhi. Sisi kizazi chao twaambiwa "nimetumiwa" na twaridhika.

Kwa hivyo nawausia maswali matatu, myachukue majumbani mwenu na barazani mwenu. La kwanza, "Umejuaje?" Ulizeni kwa upole, bila ya kukejeli, na mjiulize wenyewe kabla ya kumuuliza mwengine. La pili, "Na vyumba vitatu vingine vina nini?" Kila mkionyeshwa mifano ya kulithibitisha jambo, itafuteni ile isiyoonyeshwa. La tatu, nalo ndilo zito: "Neno hili hili, kwa dalili hii hii, lau lingesemwa na mpinzani wangu kunipinga, ningelikubali?" Kama usingelikubali kwake, basi usilitoe kwako. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, mtaalamu mkubwa wa ilimu ya nuru na macho, alipoandika juu ya makosa ya Ptolemy, alimtaka mwenye kutafuta haki awatilie shaka hata wakubwa waliomtangulia, kisha aitilie shaka na nafsi yake wakati anapowakosoa. Wengi hulipenda agizo la kwanza. Wachache huliweza la pili.

Wala maswali haya yasifanywe panga la kuwakatia wenzetu. Ajifunzaye makosa ya hoja ili apate kuwashinda watu katika kahawa, huyo ameongeza pishi ya kupunjia, hakuipunguza. Yaanze kwetu sisi: katika nyumba, kabla ya kumtuhumu mke, katika mtaa, kabla ya kumtaja mzee, katika msikiti, kabla ya kumnukuu ndugu, na juu ya mimbari, kabla ya kusimulia kisa kitamu. Mtume wa Mwenyezi Mungu, naye ametoka kumlilia mwanawe, hakukubali sifa isiyokuwa na haki. Sisi ni nani hata tuikubali?

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka, ijapokuwa imekuja kwa sauti tuipendayo. Utuepushe na kumdhulumu mtu kwa dhana, na masikio yetu na macho yetu na nyoyo zetu usizifanye mashahidi juu yetu siku ya kuulizwa. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.